Ini la Wanaume

Nilimpiga kaka yangu mdomoni kwa mguu wa ng'ombe. Naanza na hilo ili msomaji ajue mapema amekaa na mtu wa namna gani, maana watu wakisikia habari za mgonjwa huandaa leso. Nilikuwa mgonjwa kweli, lakini sikuwa mpole.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa uvimbe kwenye kizazi. Kwa miaka mitatu nilitokwa na damu kila mwezi, siku kumi, siku kumi na mbili, huku nikiendelea kuuza dagaa sokoni Musoma nikiwa nimejifunga kanga mbili chini ya gauni jeusi. Siku nilipoanguka juu ya magunia yangu, majirani zangu wa mtaa wa Kitaji walinibeba kama gunia jingine wakanipeleka hospitali. Daktari alisoma karatasi ya maabara, akavua miwani, akaisoma tena.

"Mama, damu yako ni sita," alisema. "Uvimbe tunautoa, hilo halinisumbui. Ila nikikupasua ukiwa na sita utafia mezani kwangu. Nataka kumi. Kama hufiki kumi, niletee ndugu wachangie damu."

"Na nisipopasuliwa?"

"Kwa unavyovuja, mwaka huumalizi."

Alinipa vidonge vya kuongeza damu na tarehe ya kurudi, miezi miwili mbele, siku ya Jumatatu. Nilitoka pale nikiwa na hasira na kila mtu mwenye mashavu mekundu.

Ndugu wa damu niliyebaki naye ni mmoja tu, kaka yangu mkubwa. Wazazi tulishawazika, na mume wangu alishahamia kwa mwanamke mwingine akaniachia redio mbovu. Kaka anakaa Butiama, kijijini, kwenye mji wa baba, na ng'ombe wa baba. Ana kovu kichwani toka utosini hadi sikioni, la panga la wezi wa mifugo. Inasemekana siku hiyo alipigana na watu wanne, damu ikimwingia machoni, na ng'ombe hakutoka hata mmoja. Nikasema moyoni, mtu aliyemwaga damu yote ile kwa ajili ya ng'ombe hatashindwa kunipa chupa moja.

Nilipomfikia Butiama nikamwomba, alicheka. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Damu yangu iwekwe kwenye nailoni kama barafu za watoto? Damu ya mwanaume haitolewagi hivyo, mdogo wangu. Inatokaga vitani."

"Ni sindano tu, kaka. Dakika chache."

"Sindano." Alitema mate pembeni. "Tatizo lako ni mji. Chipsi, soda, mafuta ya madumu. Mama alipojifungua mimi alivuja mpaka wakamfunika shuka. Baba akamtoboa fahali shingoni, mama akanywa, akaamka. Kaa hapa nyumbani. Utakula vibichi tu. Damu, maziwa, mayai, mihogo, asali, nyamapori ikipatikana. Moto usiguse chakula chako mpaka siku ya huyo daktari wako."

Nilitaka kumtukana. Lakini mtu mwenye damu sita hana nguvu hata za kutukana vizuri, na kumbukumbu ya mama ilinishika. Nikakubali. Nilimwachia jirani meza yangu ya dagaa nikahamia Butiama.

Asubuhi ya kwanza wifi yangu, mke wa kaka, aliniletea maziwa ya moto wa kiwele, povu juu. Jicho lake la kushoto lilikuwa limevimba mpaka limeziba.

"Wifi, jicho limefanya nini?"

"Ndama kanipiga kichwa."

Ndama aliyekuwepo zizini alikuwa na wiki moja, hafiki hata magotini. Nilijua, na yeye alijua kwamba najua. Nikasema pole, nikanywa maziwa yangu.

Siku ileile kaka alinitolea damu. Walimshika fahali mweusi, mkubwa kuliko wote, wakamfunga ukanda wa ngozi shingoni wakaukaza mpaka mshipa ukasimama mnene kama kidole gumba. Kaka alichukua upinde mdogo na mshale uliozungushiwa kamba karibu na ncha ili usizame, akasimama hatua mbili tu kutoka kwa mnyama, akaachia. Damu iliruka. Ilikuwa na nguvu ya bomba la maji lililopasuka, na wifi alikuwa tayari na kibuyu chake anaikinga, uso wote umemrukia matone. Walipolegeza ukanda ikakatika, wakaziba tundu kwa kinyesi, fahali akaenda zake kula majani.

Wifi aliikoroga damu ile kwa kijiti ili isigande. Mkono wa gauni ulipopanda nililiona kovu lake la kwenye kiwiko, la rangi ya waridi, limekunjamana. Nalijua kovu hilo lilivyozaliwa, kwa sababu nilikuwepo. Wifi alikuwa bi harusi wa mwaka wa kwanza na mimi msichana wa shule niliyekuja likizo. Kwetu ini na figo za ng'ombe aliyechinjwa ni za wanaume. Wanazila mbichi palepale juu ya ngozi, wanachovya kwenye nyongo, na mwanamke haruhusiwi hata kusogea. Wifi alikwenda kuosha kisu kilichokatia ini, na kaka akamkuta anakilamba. Alichomoa kijinga cha moto jikoni akambandika nacho mkononi. Nilikuwa nimekaa pale namenya muhogo. Sikuuweka chini.

Basi, nilipokea kibuyu, damu na maziwa nusu kwa nusu, vuguvugu. Funda la kwanza lilirudi. La pili likarudi likapitia puani. Kaka alinikamata kisogo akaniinamishia kibuyu mdomoni akisema kunywa, kunywa, unataka kufa? Nikanywa. Nilimchukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu, na nikanywa mpaka tone la mwisho.

Kila wiki tulirudia. Katikati nilikula mayai mabichi manne kwa siku, mihogo mitamu ya kutafuna, mchicha na majani ya mgagani bila kuchemshwa, nyanya, asali yenye nyuki waliokufa ndani. Nilikula dagaa wabichi kwa ndimu na chumvi mpaka paka wakawa wananifuata. Tumbo lilinikata, likaniendesha, kisha likazoea. Vidonge vya daktari nilivimeza kwa kujificha, siku nikikumbuka, kwa sababu kaka aliapa vinaharibu kazi ya damu. Mpaka leo hii sijui kipi kilinisaidia, na daktari ana jibu lake.

Ninachojua ni kwamba kitu kilibadilika kichwani. Nilianza kupenda kuua. Kuku nilimchinja mwenyewe kila Jumamosi, sikungoja atulie, nilimpasua akiwa bado anarusha miguu ili ini nilipate likiwa la moto. Lile ini la kuku, kitu cha ukubwa wa kidole, lilikuwa halali kwangu, nikalimeza nimesimama, manyoya yamenigandia kidevuni. Watoto wa jirani waliokuja kuchota maji walikimbia na ndoo tupu. Nilifurahi walipokimbia. Mtu aliyezoea kuonewa huruma akigundua kwamba anaogopwa, inamlevya.

Jioni kaka akirudi kutoka kwenye pombe, upande wa pili wa ukuta nilisikia kishindo, halafu kimya, halafu kishindo. Wifi hakuwa analia. Mimi nilijifunika nikahesabu siku zilizobaki. Nilijiambia kwamba nikiingilia, nitafukuzwa, na nikifukuzwa nitakufa. Ilikuwa kweli, na ilinifaa kuiamini.

Baada ya wiki tatu nilipima kwenye zahanati. Saba na nusu. Nilimkumbatia yule mpimaji hadi akaomba nimwachie.

Mwezi wangu wa pili pale nilikwenda Kibara, kule ziwani upande wa Bunda, kufuata magunia yangu ya dagaa niliyokuwa nimeyalipia kabla ya kuugua. Nilikuta mwalo mtupu. Mitumbwi imefungwa, dagaa wameachwa juu ya nyavu wanaliwa na ndege. Mama mmoja mzee aliyebaki aliniambia watu wote wako kwa kiboko. Kiboko huyo alikuwa amesumbua muda mrefu, anapanda usiku kula mahindi, na wiki hiyo alimkata mvuvi miguu yote miwili. Asubuhi askari wa wanyamapori walikuja wakampiga risasi kwenye matete, wakawaambia wanakijiji nyama ni yenu, gawaneni.

Niliazima panga la yule mama mzee bila kusubiri aitikie.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Mnyama alikuwa ametanda kwenye tope, mkubwa kama gari dogo, na juu yake watu. Watu wamepanda mgongoni, watu wameingia kati ya miguu, mapanga yanakwenda juu na chini, kila mmoja anakata anapoweza na hakuna anayeangalia mkono wa mwenzake uko wapi. Mzee mmoja alitoka kwenye kundi ameshika vidole vyake viwili kwa mkono mwingine, akaviweka kwenye beseni lenye nyama, akarudi ndani. Harufu ya tumbo lilipopasuliwa iliwatapisha waliokuwa mbele, na waliokuwa nyuma wakafurahi kupata nafasi.

Niliuliza ini liko upande gani, kijana mwenye damu mpaka kwenye nyusi akanionyesha. Niliingia kwa magoti. Nilisukuma, nilikanyaga mguu wa mtu, nilipigwa kiwiko sikioni nikarudisha. Nilipolishika ini lilikuwa zito, linateleza, na upande wa pili lilikuwa limeshikwa na mwanamke mwingine. Mwembamba, kilemba kimemfunguka. Tulivutana.

"Nina watoto sita, mama," alisema.

"Na mimi nina damu saba."

Nikampiga kifundo cha mkono kwa ubapa wa panga. Ubapa, siyo makali, nataka hilo lijulikane, ingawa wakati ule sidhani kama nilichagua. Aliachia. Hakulia wala hakunitukana, alijishika mkono akaniangalia tu, halafu umati ukamfunika. Nilitoka na pande la ini kubwa kama mtoto mchanga, nikaketi kwenye jiwe pembeni ya maji, nikalila. Nilikula mpaka taya zikauma. Damu ilikuwa imenifika kwenye viwiko, na wale waliokuwa wanapita na mabeseni yao walinipisha mbali. Huyo mwanamke namkumbuka mara nyingi kuliko ninavyomkumbuka mume wangu. Siku zile sikumkumbuka hata kidogo.

Ijumaa kabla ya Jumatatu ya daktari nilipima tena. Tisa.

Imebaki moja. Nilirudi nyumbani natembea kwa kurusha miguu. Na bahati iliyoje, Jumamosi yake palikuwa na shughuli: binti mkubwa wa kaka alikuwa anaposwa, wakwe wanakuja, na kaka alikuwa anachinja fahali. Yule yule mweusi aliyeninywesha miezi miwili. Nilimfuata kaka zizini.

"Kaka, kesho nitaomba kipande cha ini. Kidogo tu. Jumatatu ndiyo siku yangu."

"Ini la wakwe halishikwagi na mwanamke. Utakula nyama."

"Mbona damu yake nimekunywa?"

"Damu nilikupa mimi. Ini ni la wazee. Usinitie aibu mbele ya watu."

Nilisema sawa. Nilikuwa sijasema kweli.

Jumamosi mchana walimwangusha. Walimchuna, wakamlaza juu ya ngozi yake mwenyewe, miguu ikakatwa magotini ikatupwa kando. Wazee wa upande wa wakwe walichuchumaa kuzunguka ngozi, na kaka katikati, kisu mkononi, fimbo kwapani, kibuyu cha nyongo miguuni, sura ya mtu aliyefanikiwa. Sisi wanawake tulikuwa jikoni tunasubiri utumbo. Wifi alikuwa anaosha masufuria. Nilipowaona wanafungua kifua, nikaona ini linang'aa lile, mwili ulinyanyuka wenyewe. Maji yalikuwa yameshanifika shingoni, siku mbili zimebaki, na dawa yangu wanailamba watu wenye afya zao na vitambi vyao.

Niliingia kati ya mabega ya wazee wawili, nikapiga magoti juu ya ngozi, nikatumbukiza mkono.

Mzee mmoja alisema jina la Mungu. Kaka hakuamini kwanza, alibaki anautazama mkono wangu ndani ya ng'ombe kana kwamba ni wa mtu mwingine. Kisha akapandisha mori. Alinipiga fimbo ya mgongo, nikalikumbatia ini. Akanipiga ya pili. Akainama kuninyang'anya kwa mkono uleule wenye kisu, tukavutana, na kisu kikapita. Kilianzia karibu na kiganja kikapanda hadi kwenye kiwiko, upande wa ndani, ambako ngozi ni laini.

Mpaka leo sijui kama alikusudia.

Mkono wangu wa kushoto uliachia ini. Wa kulia ukashika kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu ni mguu wa mbele wa yule fahali, na kwato yake. Niliuzungusha kwa nguvu zote za miezi miwili, za damu na mayai na maini yote yale. Ulimpata mdomoni. Meno mawili yalidondoka juu ya ngozi, katikati ya nyongo iliyomwagika, na kaka akakaa chini taratibu kama mtu aliyechoka. Nilinyanyua tena. Ningempiga tena, na tena. Kilichonizuia ni kwamba vidole havikuwa na nguvu, nikaangalia kwa nini, nikaona damu yangu inavyokwenda.

Ilikuwa inatoka vizuri, kwa mapigo, kama ya fahali siku ile ya mshale. Ilikuwa inaanguka juu ya ngozi na kuingia kwenye damu yake mpaka huwezi kuzitenganisha. Tisa yangu. Wazee wote wale wenye makovu, wanaume wa vita, walisimama wakaitazama. Hakuna aliyenigusa.

Aliyekuja ni wifi. Alipita katikati yao, akakanyaga ngozi kwa miguu yake yote miwili, mahali ambapo hajawahi kukanyaga tangu aolewe, akavua kitenge cha kiunoni akanikaza mkono mpaka nikapiga yowe. "Bodaboda!" alipaza sauti. "Mnashangaa nini? Bodaboda!" Nilikuwa sijawahi kumsikia akipaza sauti.

Alinipakata njia nzima mpaka Musoma, kidole gumba kimekandamiza mshipa.

Daktari alipopata majibu alitupa karatasi mezani. Tano.

"Jana ulikuwa na ngapi?"

"Tisa."

"Imekwenda wapi?"

"Tumemwagiana na kaka."

Alinishona huku akifoka. Alisema haningoji tena nifike kumi kwa maini, nahitaji damu ya mtu, leo, na hawana ya kundi langu kwenye friji. Ndugu yuko wapi? Nilikuwa nimelala kwenye kitanda cha magurudumu mlangoni mwa maabara, dari linazunguka, nikafikiri: basi, imekwisha. Niliogopa. Hasira zote ziliniondoka nikabaki na woga mtupu, na nikaanza kulia kwa sauti mbele za watu.

Ndipo kaka alipoingia. Alikuwa na mdomo uliovimba kama mkate na shati la kupokelea wakwe limejaa damu. Mkononi alikuwa na kidumu cha lita tano. Alikuwa amekinga damu ya fahali kabla haijaganda, akachanganya na maziwa, akanifuata nayo.

"Anywe hii," alimwambia nesi. Alikuwa anaongea kwa shida. "Anywe, ataamka."

Kwa kweli alikuwa analia. Hilo siwezi kumnyima.

"Baba, tunataka damu ya mtu," nesi alisema. "Wewe ni nani yake? Kaa hapo tukupime."

Kaka aliitazama ile sindano kwenye sahani ya chuma. Kisha akatazama kidumu chake. Alirudi nyuma hatua moja, mtu wa mapanga manne, akasema anakwenda kuita watu.

"Mimi," wifi alisema.

Alikuwa amekaa kwenye benchi muda wote, damu yangu imemkaukia mapajani. Alisimama akakunja mkono wa gauni. Lile kovu la kijinga cha moto likatokea, na chini yake mengine, ambayo kila moja nilikuwa na habari zake.

"Kaa chini wewe," kaka alimwambia. "Mke wangu hatobolewi na sindano za watu."

Wifi hakupaza sauti safari hii. Alimwangalia tu.

"Wewe umeshanitoaga damu mara ngapi bila sindano?"

Nesi aliacha kufungua pamba. Watu waliokuwa kwenye foleni waligeuka wote. Wifi alikwenda akakaa kwenye kiti akanyoosha mkono.

Damu yake ilikubali. Niliiona ikishuka kwenye mrija kuingia kwangu, na mimi niliyemeza kila kitu miezi miwili bila haya, sikuweza kumtazama usoni. Nilikuwa nimezunguka nikitafuta damu kwa fahali, kwa kuku, kwa kiboko wa Kibara, na kila asubuhi mtu mwenye damu ile alikuwa ananikabidhi kibuyu. Sikumwomba. Haikunijia hata siku moja kumwomba, kwa sababu sikumhesabu. Nilimwona kama wanavyomwona wao, mkono unaokoroga.

Kaka aliondoka na bodaboda iliyomleta. Kidumu alikiacha barazani juani, na kesho yake kikavimba, kifuniko kikaruka, damu na maziwa yaliyooza yakatapakaa ukuta mzima. Mfanyausafi alitutukana na alikuwa na haki.

Majirani wa Kitaji walichangia chupa mbili zaidi. Wiki iliyofuata nilipasuliwa. Uvimbe ulikuwa wa ukubwa wa kichwa cha mtoto.

Wifi hakurudi Butiama. Kaka alituma wazee mara mbili, na mara ya pili nilitoka nje na mshono wangu tumboni nikawauliza wanataka niwaonyeshe mguu wa ng'ombe? Walikunywa chai wakaondoka. Sijivunii, ila sijutii. Siku hizi wifi ana meza yake ya dagaa pembeni ya yangu na anauza kunizidi.

Siku niliyotoka hospitali nilimtuma mtu bucha akaninunulia ini kilo nzima. Nilisema sitakula tena kitu kibichi maishani, nikalikaanga mwenyewe, nimekaa kwenye kigoda, kwa vitunguu na nyanya na pilipili hoho, mpaka likaiva vizuri. Nikaliweka mezani. Wifi alikuwa amekaa karibu na mlango, mikono mapajani, anasubiri nimalize ili apate kitakachobaki.

Nilimsogezea sahani yote. Aliitazama. Alinitazama mimi, halafu mlango, halafu tena sahani. Akachukua kipande kwa vidole viwili, akakitia mdomoni, akatafuna muda mrefu sana, macho yake ukutani.

"Kumbe ndilo hili tu?" alisema.

"Ndilo hili tu, wifi."

Akala kipande cha pili. Cha tatu alikirudisha kwenye sahani, akanawa mikono, akaniuliza kama dagaa wa jana wamebaki.